Miaka 15 Baadaye, Mama Arudi Uwanjani na Bintiye

Ukiwauliza mashabiki wa soka hapa Kenya kwa nini waliacha kwenda uwanjani, wachache watakuambia ni kwa sababu timu inacheza vibaya. Timu ikicheza vibaya tunaenda tu, tukalalamikie huko huko. Wengi watakuambia habari za lango: foleni isiyosonga, tiketi zinazouzwa kwa noti kupitia kijidirisha kidogo, kusukumana, na mkono wa mtu usiyemjua ndani ya mfuko wako. Ukiwa peke yako unavumilia. Ukiwa na mtoto, unawasha TV.

Kwetu sisi watu wa malipo ya simu, habari za lango zinatuhusu, kwa sababu sehemu kubwa ya vurugu za lango ni pesa. Nani amelipa, nani anangoja chenji, nani anajifanya alilipa. Malipo yakihamia kwenye simu, vurugu nyingi hupungua langoni. Ila hatari zote haziishi. Nyingine huhamia kwenye simu pamoja na malipo yenyewe. Makala haya yanamhusu mteja wetu mmoja aliyepitia hayo yote akiwa ameshika mkono wa mtoto. Ameomba tusitaje jina lake, nasi tumekubali.

Jumamosi ya Nyayo

Mteja wetu ni Gor Mahia damu. Baba yake alikuwa Kasarani mwaka wa 1987, siku K'Ogalo walipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia na kutwaa Kombe la Washindi Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini, maana kule Tunis walikuwa wametoka 2-2. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoshinda kombe la bara. Hadithi hiyo aliisikia nyumbani mara nyingi hadi akawa anamsahihisha baba mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 2010, alienda uwanja wa Nyayo na marafiki watatu kutazama Mashemeji Derby, Gor dhidi ya AFC Leopards. Kama wewe si mtu wa soka, wanaitwa mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana sana, na ubishi wa timu hizi mara nyingi huwa wa meza moja ya chakula. Siku hiyo kulitokea mkanyagano, na mashabiki 7 wakapoteza maisha. Yeye alikuwa kwenye umati, nyuma kidogo.

“Nilikuwa nimeshika noti ya mia mbili juu hivi, nisiibiwe,” anatuambia. “Watu waliposukuma, miguu yangu haikuwa inagusa chini. Nilitoka na kiatu kimoja. Ile noti hata sijui ilienda wapi.”

Hakurudi tena. Aliolewa na mtu wa Ingwe (ndiyo, shemeji kamili), akapata mtoto, na mechi akawa anazifuata kwa TV na redio. Majirani walipomwalika uwanjani alisema ana kazi. Mumewe pekee ndiye aliyejua habari ya kiatu.

Stars wanarudi nyumbani

Binti yake sasa ana miaka 9. Kwa muda mrefu, hata kama mama angetaka, Stars hawakuwa na pa kumpokea. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikuwa vinakarabatiwa, na timu ya taifa ikawa inacheza mechi zake za “nyumbani” ugenini. Juni 2024 ilikaribisha Burundi kule Lilongwe, Malawi. Septemba ikaikaribisha Zimbabwe kule Kampala. Mtoto alijua Harambee Stars ni kitu cha kwenye runinga, kama katuni.

Halafu ikaja CHAN, kombe la wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Kenya ilikuwa iandae ile ya 2018, tukapokonywa na ikapelekwa Moroko. Safari hii, Agosti 2025, tukaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Vijana wa Benni McCarthy wakaipiga DR Congo 1-0, wakatoka 1-1 na Angola, na Jumapili ya tarehe 10 wakaichapa Moroko 1-0 wakiwa wamebaki wachezaji 10, bao la Ryan Ogam.

Huko Umoja, sebule ya mteja wetu ilikuwa imesimama wima. Binti akauliza swali moja tu: “Mum, kwani hapo ni mbali?”

“Ningemwambia nini?” anasema mama. “Ni matatu mbili. Unashuka Allsops, unachukua ingine ya Thika Road. Nilinyamaza.”

Mechi hiyo ya Moroko ilikuwa na upande mwingine pia. Kuna mashabiki wasio na tiketi walioingia kwa nguvu, na CAF ikachukua hatua: idadi ya mashabiki Kasarani ikapunguzwa hadi 27,000, na tiketi za kielektroniki pekee ndizo zikakubaliwa. Wengi walikasirika. Mteja wetu aliisoma habari hiyo ndani ya matatu akaiona kwa jicho lingine. Kama hakuna tiketi za karatasi, basi hakuna wa kusukumana kwenye kijidirisha. Kila mtu angelipa akiwa kwake.

Stars walipoifunga Zambia 1-0 tarehe 17 na kufuzu kucheza robo fainali na Madagaska, alimwambia mumewe, “Hii naenda na mtoto.” Mumewe, ambaye alikuwa na zamu ya jioni, alimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

“Ni laini ya bibi yangu”

Kutaka tiketi ni rahisi, kuipata ndiyo kazi. Jaribio la kwanza hakufanikiwa. Kabla hajajaribu tena, mtu fulani akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa: ana tiketi mbili, mtu atume pesa kwa namba hii, yeye atume tiketi papo hapo. Bei ilikuwa juu, lakini si ya kushtua. Hapo ndipo penye mtego. Mkora mzuri hachaji bei ya kukuamsha.

Mteja wetu aliingiza namba na kiasi. Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji likatokea kwenye skrini, na halikuwa jina la yule aliyeandika kwenye grupu. Akamuuliza. Jibu likaja haraka: “Ni laini ya bibi yangu, tuma tu.”

“Nikajiuliza, kila konmani huwa na bibi mwenye laini?” anasema akicheka. Akafuta.

Alifanya vyema, na hata kama majina yangelingana tungemshauri afute tu. Pesa ukizituma kwa namba ya mtu binafsi zimefika kwa mtu huyo. Hazijafika kwa mwenye mechi, na mwenye mechi hana rekodi yoyote inayoonyesha kwamba umelipa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Tiketi feki si lazima iwe imechorwa chumbani. Inaweza kuwa tiketi halisi kabisa iliyonunuliwa mara moja na picha yake ikauzwa kwa watu 20. Msimbo wa QR ukishasomwa na mashine langoni umetumika. Wa kwanza kufika anaingia, na wale 19 wanabaki nje wakipiga simu ya mtu aliyezima. Fikiria umesimama hapo na mtoto wa miaka 9 aliyepakwa rangi ya bendera usoni.

Kusoma kabla ya PIN

Usiku uliofuata alijaribu tena. Anwani ya tovuti hakuichukua kwenye linki aliyoforwadiwa. Aliitafuta kwenye tangazo la waandalizi wenyewe. Mtandao ulikuwa unasuasua, ukurasa ukazunguka na kukwama baada ya kubonyeza lipa. Mwenye haraka angelipa tena hapo hapo. Yeye aliangalia kwanza kama ameingia ujumbe wa malipo, kisha akaangalia salio. Pesa zilikuwa bado zipo. Ndipo akarudia.

Ombi la malipo likatokea kwenye simu, likidai PIN. Akamwita binti, wakasoma pamoja kwa sauti: jina la anayelipwa, kisha kiasi.

“Na kama jina si lile?” binti akauliza.

“Tunakataa.”

“Na kama pesa ni mob?”

“Tunakataa pia.”

Tungependa kila mteja wetu awe na mazungumzo hayo na mtoto wake, kwa sababu yana kila kitu. Ombi la malipo likitokea kwenye skrini, pesa yako haijaenda popote. Inaenda ukiweka PIN. PIN ndiyo “ndiyo” yako. Kwa hivyo ombi ambalo hukulianzisha wewe, maana mtu mwingine anaweza kuandika namba yako kule kwake, unalifuta tu na kuendelea na shughuli zako. Akikupigia mtu akisema “weka PIN ili tufute hayo malipo,” huyo ndiye mwizi mwenyewe. Kukataa hakuhitaji PIN.

Tiketi mbili zikaingia. Binti alitaka kuzipiga picha aziweke kwenye status ya mama. Mama akamwambia hapana, na akamweleza kwa nini: picha ya tiketi ni tiketi.

Ijumaa, lango la Kasarani

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti waliondoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika. Simu ilikuwa na chaji kamili. Tiketi zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya simu, maana palipo na maelfu ya watu mtandao huweza kulemewa. Kwenye mfuko wa mtoto mlikuwa na karatasi yenye namba ya mama na ya baba. Ndani ya soksi ya mama mlikuwa na noti ndogo ndogo za kutosha nauli ya kurudi. Ndiyo, sisi kampuni ya malipo ya simu tunakuambia ubebe noti kidogo. Simu huzima, na makanga hangoji iwake.

Pia alikuwa ameweka sharti moja, akalitamka mbele ya mtoto kabla hawajatoka: wakifika waone watu wanasukumana, wanageuka na kurudi nyumbani.

“Pesa ya tiketi ilikuwa imeshaenda siku niliyolipa,” anasema. “Haikuwa na haki ya kunivuta ndani ya umati. Mwaka ule wa 2010 nilibaki kwenye foleni kwa sababu nilikuwa nimeshatoa fare, nimeshapanga siku. Watu wengi tulibaki hivyo.”

Hilo tunaomba lisomwe mara mbili. Tiketi ya simu haizuii mkanyagano peke yake. Mechi ya Moroko ilionyesha kuwa wasio na tiketi wanaweza kuja tu. Faida yake kwako mzazi ni kwamba unaweza kufika mapema, huna foleni ya kununua, na huna sababu ya kugombania chochote. Uamuzi wa kugeuka unabaki kuwa wako, na ni rahisi zaidi ukiufanya ukiwa bado sebuleni.

Hawakulazimika kugeuka. Walipanga mstari, wakakaguliwa, wakasonga. Binti ndiye aliyeshika simu mashine ilipofika. Ikalia mara moja, ikalia mara ya pili, wakawa ndani.

“Nilikuwa nimeogopa hiyo dakika miaka 15,” mama anasema. “Mtoto akaniuliza mbona nimemshika mkono kwa nguvu hivyo.”

Jirani aliyefurahia bao la Madagaska

Ndani walikula mayai pasua. Muuzaji akataja namba yake ya till, na binti ndiye aliyesoma jina kwenye skrini kabla ya mama kuweka PIN akiwa ameikinga kwa kiganja. Uwanjani watu wamebanana na macho ya jirani yako hayako kwenye mpira muda wote.

Mapema kipindi cha pili Alphonce Omija akafunga. Mteja wetu anasema binti hakushangilia mara moja. Alishtuka kwanza kwa ile sauti, maana kwa TV bao halitikisi kiti. Halafu akapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Madagaska waliposawazisha kwa penalti, uwanja ulinyamaza. Ila mwanamume aliyekaa mbele yao, aliyevaa jezi ya Stars, alikunja ngumi kwa furaha na kuangalia simu yake. Binti alimwona.

“Mum, huyu si ni wetu? Mbona amefurahi?”

Alikuwa amebeti kwamba dakika 90 zitaisha kwa sare. Mama akamweleza alivyoweza: kuna watu wameweka pesa kwa simu, kwa hivyo sasa wanaombea kitu kingine. Mtoto akamtazama yule jamaa kwa muda. “Sasa akishinda atafurahi sisi tukishindwa?” Mama anasema hakupata jibu la maana.

Sisi hatutamhubiria mtu mzima juu ya pesa yake. Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, na simu ambayo mtoto huchezea isiwe na akaunti ya kubeti iliyo wazi. Zaidi ya hapo tunasema hivi: kama siku ya mechi una bajeti ya tiketi, nauli na chakula, itenge kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na zilizobaki uziache kwenye akaunti ambayo huifikii kwa kubonyeza mara mbili. Uwanjani, moyo ukienda mbio, vidole navyo huenda mbio.

Dakika 120 zikaisha 1-1. Kwenye mikwaju ya penalti Madagaska wakashinda 4-3. Binti alilia. Walibaki wamekaa mpaka ngazi zikapungua watu, kwa sababu hata kutoka kuna lango, na watu wenye huzuni wanasukumana kama wenye furaha.

Barabarani, giza likiwa limeingia na nauli imepanda, mama akapata ujumbe: amepokea Ksh 3,500. Dakika moja baadaye simu ikaita, mtu akilia kuwa amekosea namba, hiyo ni karo ya mtoto, tafadhali arudishiwe. Ujumbe wenyewe ulitoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina la huduma. Alipoangalia salio, hakuna hata shilingi iliyoongezeka. Alikata simu, akamlipa makanga kwa noti za soksi, na mtoto akalala hadi Umoja.

Hata kama pesa zingekuwa zimeingia kweli, usizitume mwenyewe. Mwambie aliyekosea awasiliane na kampuni yake ya malipo, muamala urudishwe kwa njia rasmi. Mkweli atakubali. Mkora atatukana.

Kabla ya kumpeleka mtoto wako

- Nunua tiketi mapema kwa njia iliyotangazwa na waandalizi. Uliza pia kama mtoto wa umri wa wako anahitaji tiketi yake.
- Soma jina na kiasi kabla ya PIN. Malipo yakikwama, angalia ujumbe na salio kabla ya kulipa tena.
- Usisambaze picha ya tiketi, na usinunue picha ya tiketi.
- Hifadhi tiketi ndani ya simu, jaza chaji, na beba noti za nauli mbali na simu.
- Mwekee mtoto namba mbili za simu mfukoni, na mkubaliane pa kukutana mkipoteana. Mfundishe kumtafuta askari au mhudumu aliyevaa sare. Namba za dharura ni 999 na 112, na ya kusaidia watoto ni 116.
- Simu ikiibwa, azima nyingine mara moja upige kituo cha huduma cha kampuni yako, laini na akaunti zifungwe. Usingoje mechi iishe.
- Amueni nyumbani ni wakati gani mtageuka na kurudi.

Kombe la Afrika la 2027 litachezwa hapa, Tanzania na Uganda, na kule Ngong Road uwanja wa Talanta wa watu 60,000 unajengwa. Wazazi wengi waliokimbia viwanja watataka kurudi, na wakora wa tiketi nao wanajiandaa. Bora tujiandae kuwashinda.

Tulimuuliza mteja wetu kama atarudi uwanjani. Alisema Stars ndiyo, bila shaka. Kwa Mashemeji Derby bado hajaamua. Binti ameshaanza kuuliza tarehe, na ameshatangaza kwamba atakaa katikati, upande mmoja mama, upande mwingine baba. Baba amekubali. Mama amesema kwanza wampe muda, na kama wataenda, tiketi tatu atanunua yeye mwenyewe.